Mume Wangu Hapandi Wala Hashuki

...kitu cha kutuliza, amesema nesi, funga macho ufikirie kitu cha kutuliza, kana kwamba nimekuja hapa zahanati na kapu la vitu vya kutuliza nichague, haya basi, ng'ombe, nafikiria ng'ombe, amelala kivulini anacheua, taya linakwenda kushoto, taya linakwenda kulia, vizuri, hata moyo umeanza kukubali, anacheua, anainuka, kwa nini anainuka, hakuna aliyemwambia ainuke, anasimama kwa miguu miwili na ana mpira, yuko ndani ya duara na yule mlinzi wao mwenye viwiko yuko mbele yake amenyoosha mikono, rusha, rusha sasa kabla hajakuziba... na nafungua macho kwa sababu moyo umeshapanda mpaka shingoni, na nesi amegeuka kutoka mezani kwake ananitazama kama nimevunja glasi, na mimi sijafanya lolote, nimekaa tu na ng'ombe wangu. "Mama, bado umekaza mabega," anasema. "Yaachie." Nayaachia. "Na usiongee." Sijaongea, lakini kumwambia kwamba sijaongea ni kuongea, kwa hiyo nanyamaza na hasira yangu, na hasira nayo inapandisha, sasa nifanye nini. Kipimo cha kwanza kilitoka juu, juu kiasi kwamba aliitazama mashine, akanitazama mimi, akaitazama tena mashine, kama mlinzi wa getini anayelinganisha picha na sura, kisha akasema tukae kidogo tupumzike, tutapima tena, presha ikishuka daktari ataniruhusu kukaa kwenye benchi alasiri ya leo, isiposhuka fainali itachezwa mimi nikiwa kitandani natazama dari. Na masharti haya si ya nesi, ni ya kamati ya ligi, waliokaa baada ya nusu fainali wakaamua kwamba kocha wa timu ya mpira wa pete ya kiwanda cha sare za shule, yaani mimi, asionekane karibu na mstari mpaka daktari aseme ni mzima, na sababu yao ni kwamba nilianguka. Kama ningeanguka kwa kushindwa ningewaelewa, watu huanguka kwa kushindwa, mimi nilianguka kwa kushinda, mpira wa mwisho ulizunguka juu ya ile pete, ukazunguka, ukasimama kidogo kama unauliza njia, ukaingia, na mimi nikaruka, na nikiwa bado juu nikaona giza, nikashukia kwenye meza ya waandika magoli, meza ikalala, mwandika magoli akalala, na wanasema nilipozinduka neno langu la kwanza lilikuwa, limehesabiwa? Lilihesabiwa. Sasa tumeingia fainali na tunacheza na manesi wa hospitali kuu, na huyu hapa mbele yangu ni nesi, nimemuuliza kama anacheza, amesema hata sheria zake hazijui, lakini ana vidole virefu, na alipokuwa ananifunga kile kitambaa mkononi alikibana kuliko ilivyohitajika, nasema tu.

Na mume wangu amekaa pale kwenye kiti cha plastiki karibu na mizani, mkoba wangu mapajani, viatu vyangu vya uwanjani kwenye mfuko wa nailoni miguuni pake, anatazama bango la ukutani lenye picha ya moyo uliopasuliwa kati, analisoma tangu tulipoingia, uso hauna habari yoyote, si nzuri si mbaya, ule uso ungeuchukua ukaupeleka harusini au msibani bila kubadilisha nguo. Huyu mtu presha anaisikia kwa watu. Mama yake aliniambia mapema kabisa, mwanangu huyu hata alipozaliwa hakulia, mkunga akampiga kofi la kwanza, akampiga la pili, ndipo akatoa sauti kidogo, kama mtu aliyekubali tu ili yaishe, na mimi kijana wakati ule nikacheka, nikadhani ni utani wa wakwe. Siku ya ndoa yetu aliulizwa mbele ya watu wote kama amenikubali niwe mke wake, akasema, haya. Mfungishaji ndoa akasubiri. Akamwambia, ndugu, tunahitaji ndiyo. Akasema, haya, ndiyo. Shangazi zangu mpaka leo wakikutana wanaigiza. Binti yetu alipofaulu mtihani, nyumba nzima inaruka, mimi nimepanda juu ya kochi nimelivunja mguu, yeye akasema, haya, hongera mama, akaenda kutafuta kipande cha mbao cha kuegemezea kochi. Upepo ulipochukua bati za jikoni, mvua inaingia, mimi napiga kelele hadi jirani wakadhani tumevamiwa, yeye akatazama juu, akasema, haya, akaanza kupanga mabeseni. Unaweza kuishi na mlevi, mlevi ana saa zake, unaweza kuishi na mkali, mkali unamjua anapoanzia, lakini mtu wa haya unaishi naye vipi, ukifurahi unafurahi peke yako kama mwendawazimu, ukilia unalia mbele ya ukuta. Kazi yake nayo imemfaa, ni mwalimu wa udereva, kutwa nzima amekaa kushoto kwa mtu asiyejua kuendesha, wanamwingiza kwenye mitaro, wanampeleka kwenye malori, wamewahi kumwingiza kwenye duka la kinyozi, duka lenyewe likiwa wazi na mteja ana povu kidevuni, na alirudi nyumbani jioni ile akala, akaoga, akasema leo mwanafunzi amechanganya pedali kidogo. Kidogo.

"Unapumua haraka," nesi anasema bila kugeuka, ana macho kisogoni huyu, wallahi anacheza huyu, anacheza nyuma kabisa, wale wanaokuona bila kukutazama. Napunguza. Mimi sijawahi kuwa mtu wa katikati, najijua, na wasichana wa laini yangu wananijua zaidi, mimi ni msimamizi wa laini ya kola, wenzetu wanashona mikono na mifuko sisi tunashona kola, na ukitaka kujua timu imefanya nini mwisho wa wiki huna haja ya kuuliza, unatazama tu kola. Tulipofungwa msimu wa kwanza nilikata kitambaa nikiwa bado nacheza ile mechi kichwani, shule nzima ikapelekewa mashati ambayo kola zake zinatazama mgongoni, watoto wakawa wanaonekana kama wanaondoka wakati wanakuja. Tulipopanda daraja niliwapa laini yangu yote mapumziko ya siku nzima, ruhusa ambayo mimi mwenyewe sikuwa nayo, meneja akapita akakuta cherehani zimefunikwa na mimi nimekaa peke yangu katikati naimba. Aliniuliza, mama, kuna siku huwa uko kawaida? Nikamwambia, siku zisizo na mechi. Lakini huo ni uongo, siku zisizo na mechi huwa nasubiri mechi.

Simu inatetemeka kwenye mfuko wa shati la mume wangu, ni simu yangu, ninyi mnaoandika ujumbe saa hizi mnajua niko wapi. Anaitoa, anaisogeza mbali na macho kwa sababu miwani ameisahau, anasoma. Namtazama usoni. Anasoma mpaka mwisho, anarudi mwanzo, anasoma tena. Namtazama nyusi, namtazama mdomo. Hakuna kitu. Anairudisha mfukoni na kurudi kwenye moyo wa ukutani. "Nani?" nauliza. "Mtunza stoo," anasema, na huyo ndiye msaidizi wangu wa ukocha, tunamwita Mkakati kwa sababu hilo neno halimtoki mdomoni, hajui mpira lakini anajua kupanga mstari wa chupa za maji. "Anasemaje?" "Wamefika uwanjani." "Wote?" "Nesi amesema usiongee." "Wote wamefika?" "Wamefika," anasema, na hapo pana kitu, wamefika ile imetoka fupi, au imetoka kama kawaida, sijui, miaka yote hii na bado siwezi kumsoma, ujumbe wa wamefika hausomwi mara mbili, Mnara ana kitu, nasema Mnara, mfungaji wetu, msichana mrefu kuliko mlango wa kantini, amepata nini, au Kufuli, mlinzi wangu, amegombana na mtu getini, Kufuli hugombana, na huku mkono umeanza kuwa baridi na masikio yanavuma na mashine iko pale mezani inaningoja, na huyu mwanaume anasoma bango.

"Nesi," nasema, "samahani, najua nimeambiwa ninyamaze, lakini hiyo mashine yako ni mbovu." Anaweka kalamu chini. "Mashine ni mpya, mama." "Ndiyo maana. Sisi kiwandani tuliletewa cherehani mpya ikawa inashona kurudi nyuma." Anavuta pumzi ndefu, ile ya mtu anayehesabu kabla ya kujibu, na naona kwamba hata yeye ana mtu nyumbani kwake wa aina yangu, halafu anatabasamu. "Baba," anasema, "hebu njoo unisaidie, tumwonyeshe mama kwamba mashine ni nzima." Mume wangu anainuka, anaweka mkoba wangu kwenye kiti kama anayelaza mtoto, anakuja anakaa kwenye benchi kando yangu, anakunja mkono wa shati. Hapo moyo wangu unatulia kwa furaha, sasa ataona, sasa sayansi itathibitisha nilichokuwa nasema siku zote, mashine itadhani imefungwa kwenye mguu wa meza, nesi atamwita daktari waje kumtazama mtu anayetembea bila presha. Kitambaa kinajaa, kinaguna, kinashuka, kinasita, halafu chenyewe kinaanza kujaa tena, kama mtu aliyesikia jambo na kuomba lirudiwe. Nesi anatazama. Tabasamu linamtoka. Anakifungua, anakihamishia mkono wa pili, kinajaa, kinaguna. Anavuta droo, anatoa mashine ya zamani, ile ya kubinya kwa mkono, anavaa mirija masikioni, anabinya, anasikiliza, na chumba kimenyamaza hivi kwamba namsikia mgonjwa wa kikohozi upande wa pili kwa daktari akisema ndiyo, usiku zaidi. Nesi anavua mirija. "Baba," anasema polepole, "wewe umekuja kumsindikiza mama?" "Ndiyo." "Na wewe nani amekusindikiza?" Mume wangu anafikiri, kwa sababu ni mtu anayeheshimu maswali. "Kichwa hakikuumi?" anauliza nesi. "Kinauma." "Tangu lini?" Ananitupia jicho, dogo tu, la kuibia. "Kitambo," anasema. Na nesi naye ananitupia jicho, lakini la kwake si dogo. "Usiinuke hapo," anamwambia, "usiinue kitu, namwambia daktari," na anatoka na kiatu chake kinapiga sakafu haraka, huyu aliyekuwa ananiambia mimi nisiwe na haraka.

Juu kuliko yangu. Niliona namba, nazijua namba za presha sasa kuliko za magoli, iko juu yangu mbali, mimi ninayevunja makochi niko chini, na huyu, huyu, ukuta, mguu wa meza, amekaa hapa ananyoosha kwa vidole mikunjo ya shati iliyobanwa na kitambaa. "Kwa nini hukusema?" namuuliza. "Hakuna aliyekuwa ananipima," anasema. Si kwa kunilaumu, anaeleza tu. Halafu, kwa sababu labda nesi hayupo, au kwa sababu mashine imeshasema na hakuna la kuficha, anaendelea, na yeye si mtu wa kuendelea. "Kwenye gari hawawezi kupiga kelele wawili," anasema. "Mwanafunzi akiona mwalimu ameshika dashibodi, anaachia usukani. Kwa hiyo hushiki. Unakaa. Ndani unakufa, lakini unakaa." Nageuka nimtazame vizuri. "Kwa hiyo mimi ni mwanafunzi wako?" Anafikiri tena. "Wewe unakwenda kasi," anasema. Na namtazama miguu, mguu wake wa kulia umekandamiza sakafu, kidole gumba kimeinuka ndani ya kiatu, anakanyaga breki ambayo haipo, na ninajiuliza ameikanyaga tangu lini, leo, tangu tutoke nyumbani, tangu tuoane. Usiku wa bati, baada ya kupanga mabeseni, alisema anakwenda kuazima turubai, na mimi nilisikia gari linaunguruma pale nje muda mrefu bila kuondoka, nikasema huyu betri inamsumbua. Matokeo ya binti yalipochelewa alilisafisha gari, akalisafisha tena, likang'aa hadi paka wa jirani akawa anajitazama, na mimi nikamwambia mwanao anasubiri matokeo wewe unaosha magurudumu, hivi wewe una moyo wewe, nilisema hivyo, una moyo wewe. "Siku ya nusu fainali," namwambia, "nilipoanguka. Walikutafuta. Ulisema ulikuwa unaegesha gari." "Nilikuwa nyuma ya choo." "Unafanya nini nyuma ya choo?" "Nimeziba masikio," anasema. "Mechi zote huwa niko huko. Nikisikia miguu ya watu inakimbia najua imekwisha, natoka. Nikiona uso wako najua tumeshinda au tumeshindwa, najua niseme nini." Na unasema, haya, nataka kumwambia, mechi zote unatoka pale unasema, haya, lakini sisemi, kwa sababu naliona sasa lile neno, naona uzito wake, lina mtu mzima ndani amelikalia asilipuke, ameshika mlango na mgongo wake huku mimi natoka kwa dirisha, na nilikuwa nalichukia kama mtu anavyochukia ukuta mpaka siku anapoona unachozuia.

"Mtunza stoo alisemaje?" namuuliza. Ananitazama, anaona hakuna njia. "Mnara ameteguka mguu wakati wa kupasha misuli. Mkakati anataka Kufuli akafunge magoli." Basi. Nasubiri. Kufuli akafunge magoli, Kufuli ambaye akipewa mpira karibu na pete anautazama kama umemtukana, manesi watatutafuna, nasubiri moyo upande, najua njia yake, unaanzia tumboni unapita kifuani unakuja kukaa hapa kooni, na kweli unakuja, nausikia unakuja, lakini ukifika unakuta mahali pana mtu, kwa sababu mimi natazama mkono wa mume wangu, kwenye ngozi ya ndani pale laini pamebaki mistari miwili myekundu ya kitambaa, na kifungo cha mkono wa shati lake hakipo, mke wake anasimamia laini nzima ya kola na yeye anatembea na shati lisilo na kifungo, na hajasema. "Mwandikie," namwambia, na sauti inayotoka siijui ni ya nani, iko chini, iko bapa, "Kufuli abaki nyuma. Afunge yule mdogo wa laini ya mifuko, anarusha vizuri akiachwa atulie. Wamwambie asikimbizane na mtu." Hatoi simu. Ananitazama mimi, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue naona kitu usoni pake, wazi kabisa, hata mtoto angekisoma, ni hofu. "Uko sawa?" anauliza. "Niko sawa." "Unaona giza?" "Sioni giza, mwandikie." "Ngoja nimwite nesi," anasema na anataka kuinuka, na namvuta shati nyuma, "kaa chini, baba watoto, wewe ndiye mgonjwa," na anakaa, na kicheko kinanipanda, nakibana puani, kinatokea machoni.

Nesi amerudi, anasema daktari anamalizana na mtu wa kikohozi kisha anakuja kwa baba, baba apumue taratibu, avute kwa pua atoe kwa mdomo, na kwa kuwa mama amekaa hapa bure tumpime naye tumalize, na ameshanifunga kitambaa na kubonyeza, kinaanza kujaa. Anashika kalamu, anatazama mashine. Mimi siitazami. Sijui itasema nini, huenda ikaniweka kwenye benchi au ikanirudisha kitandani, na manesi wanaweza kutufunga nikiwepo au nisipokuwepo, na Jumatatu kola zitakuwa pale pale zinangoja kukatwa, zikitazama mbele safari hii nikiweza, sijui, nitajaribu, mtu habadiliki akiwa amefungwa kitambaa mkono mmoja. Natazama upande wa pili, natazama mume wangu anavyopumua, na anapumua vibaya sana, anavuta yote kwa mkupuo na kuishikilia mashavuni kama mtu anayejiandaa kuzama, macho yamemtoka, mtu mzima na hajui kutoa hewa, basi nanyoosha mkono wangu ule mwingine ulio huru nauweka juu ya goti lake, nainua kidole kimoja ili aone, taratibu, kikipanda avute, kikishuka aachie, kitambaa kinanibana mpaka kwenye mfupa na kidole changu kinapanda, kinashuka, na yeye anakifuata kwa macho, mara ya kwanza amekosea, mara ya pili amewahi mno, nakirudisha mwanzo, hatuna haraka, na sasa anavuta... na anaachia, na mabega yake, ambayo sikuwahi kujua kwamba yamepanda, yanashuka.